Simu ya nyumbani bado inashika WhatsApp: uibadilishe au uiache?

Katika nyumba nyingi za kijijini siku hizi kuna simu janja moja isiyotoka nyumbani. Kioo kina ufa, mfuniko wa nyuma umebanwa kwa mpira, na mahali pake ni juu ya kabati au karibu na waya wa sola. Vijana wakiondoka na simu zao, hii hubaki na bibi au mama. Kazi yake ni kupokea simu na ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa waliokwenda Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi au Muscat.

Wasikilizaji wetu wa asubuhi hutuuliza mara kwa mara kuhusu simu ya namna hii. "Inafanya kazi, ila watoto wanasema imezeeka. Niuze mbuzi ninunue nyingine?" Swali ni la haki, maana mbuzi ni ada ya shule, ni dawa, ni mbegu za msimu. Makala haya yanakusaidia kulijibu ukiwa nyumbani, na simu yenyewe mkononi.

Jibu fupi ni hili: uzee wa simu peke yake si sababu ya kuibadilisha. Matatizo mengi yanayofanana na uzee hutibika kwa fedha kidogo au bila fedha. Zipo sababu tatu za kweli za kubadilisha. Na kama ni lazima kuhama, hama wakati simu ya zamani bado inawaka.

Sauti inavyosafiri kwenye intaneti

Ukipiga simu kwa WhatsApp, sauti yako inakatwa vipande vidogo vidogo. Kila kipande kinatumwa kama data, kisha simu ya mwenzako inavipanga upya na kuvigeuza kuwa sauti. Vipande vikipotea njiani, sauti inakatika. Vikichelewa, mnaanza kuongea kwa kupishana: wewe unauliza hali ya mtoto, yeye bado anajibu salamu. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linashauri sauti isichukue zaidi ya sehemu 150 za elfu moja za sekunde kufika upande wa pili. Ucheleweshaji ukizidi sana hapo, maongezi yanaanza kuchosha.

Kwa hiyo simu moja ya WhatsApp inategemea vitu vitano: simu yako, laini yako, mnara, bando, na hali ya upande wa pili. Ni kama mnyororo wa baiskeli. Ukibadilisha pete nzima na kuiacha iliyokatika, baiskeli haitatembea. Watu wengi wamenunua simu mpya, halafu sauti ikaendelea kukatika vilevile, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye simu.

Kagua pete moja baada ya nyingine

*Mnara.* Tazama herufi ndogo juu ya kioo, pembeni mwa alama ya mtandao. Ukiona E, upo kwenye 2G: ujumbe wa maandishi utapita polepole, lakini simu ya intaneti itakusumbua. Ukiona H, H+ au 3G, simu ya sauti kwa kawaida inapita. Ukiona 4G au LTE, hata video inawezekana.

Sasa fanya jaribio. Muite jirani mwenye mtandao uleule wa simu, asimame hapo hapo ulipo. Kama simu yake inaonyesha 4G na yako E, tatizo lipo kwenye simu yako au laini yako. Kama zote mbili zinaonyesha E, simu mpya haitakusaidia. Tafuta nani pale kijijini anapata 4G na anatumia mtandao gani. Laini mpya ni nafuu kuliko simu mpya.

*Laini.* Baadhi ya laini za zamani hazikutengenezwa kwa ajili ya 4G. Unaweza kuwa na simu nzuri na mnara mzuri, lakini laini ikakuzuia. Itoe laini ya jirani inayopata 4G uiweke kwenye simu yako kwa dakika moja. Simu ikionyesha 4G, umempata mwenye kosa. Nenda duka la mtandao wako na namba yako ya NIDA, weka alama ya kidole, ubadilishiwe laini. Namba yako inabaki ileile.

*Bando.* Simu ya sauti ya WhatsApp hula takriban nusu MB hadi MB 1 kwa dakika. Video hula takriban MB 5 kwa dakika, na pengine zaidi. Kwa hiyo GB 1 inaweza kukupa saa nyingi za sauti, lakini kwa video ni saa tatu hivi. Kama bando linaisha haraka, angalia kwanza video za makundi zinazojipakua zenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa kujiendesha. Hapo hapo utaona pia sehemu ya kupunguza data inayotumika kwenye simu.

*Memori.* Simu iliyojaa hukwama, hukataa kusasisha programu, na wakati mwingine hushindwa kufungua ujumbe wa sauti. Wengi huiita uzee, kumbe ni video za mwaka juzi. Zifute. Lakini kabla ya kufuta chochote, soma sehemu ya "Yaliyonikuta" hapo chini.

*Betri.* Betri inayoisha haraka inaweza kubadilishwa na fundi, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na simu. Ila betri iliyovimba hadi kuinua mfuniko au kioo ni hatari, inaweza kuwaka moto. Usiichaji tena, na usiitoboe. Mpelekee fundi.

*Upande wa pili.* Hili linawahusu sana wenye ndugu Uarabuni. Falme za Kiarabu, na kwa miaka mingi Oman pia, zimekuwa zikizuia simu za sauti na video za WhatsApp. Ujumbe wa maandishi, picha na ujumbe wa sauti hupita. Saudi Arabia ilitangaza kuondoa zuio la simu za intaneti mwezi Septemba 2017, lakini hata baada ya hapo watumiaji wa WhatsApp waliendelea kupata shida ya kupiga. Huko Dubai watu wengi hutumia programu zilizoruhusiwa, kama BOTIM, na wewe wa huku utahitaji kuwa nayo pia ili mzungumze.

Kwa hiyo binti yako aliye Dubai akikupigia WhatsApp na isiunganike, usiilaumu simu ya nyumbani. Hata simu ya shilingi milioni mbili isingeunganika. Muulize huko anatumia programu gani, uipakue kutoka Play Store.

Kusasisha si kubadilisha

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu neno "apugredi" limekuwa likitumika kwa mambo matatu tofauti.

La kwanza ni kusasisha programu, mfano WhatsApp. Hii ni bure ukiondoa data, na ni vizuri kuifanya. Kila toleo la WhatsApp lina mwisho wake, na likipitwa sana programu itakataa kufunguka hadi usasishe. Fanya hivyo kupitia Play Store pekee.

La pili ni kusasisha mfumo wa simu yenyewe, yaani Android. Nalo ni bure, lakini ni faili kubwa. Lifanye simu ikiwa na chaji ya kutosha, memori ikiwa na nafasi, na baada ya kuhifadhi nakala ya mazungumzo yako. Chaji ikikatika katikati, unaweza kubaki na simu isiyowaka.

La tatu ni kununua simu nyingine. Hili ndilo la kuuzia mbuzi, na mara nyingi mawili ya kwanza yanatosha.

Sababu tatu za kweli za kubadilisha simu

*Sababu ya kwanza: programu unayoitegemea imeikataa simu yako.* Kufikia mwaka 2025, WhatsApp ilihitaji Android 5.0 au zaidi. Kuijua yako, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute toleo la Android. Likianza na namba 4, muda wa simu hiyo kwenye WhatsApp umekwisha. Likiwa 5 au 6, anza kuweka akiba, kwa sababu mpaka huo husogezwa juu kadiri miaka inavyokwenda.

Wenye vitochi vya intaneti vinavyotumia mfumo wa KaiOS wao wameshafikiwa. WhatsApp ilifunga mlango kwa watumiaji wapya wa KaiOS mwaka 2024, na huduma ikaondolewa kwa waliobaki mwaka 2025. Kitochi hicho bado ni kizuri kwa simu za kawaida, ujumbe mfupi na fedha. Usikitupe, utaona kazi yake.

*Sababu ya pili: simu haipati tena ulinzi, na ndani yake kuna fedha.* Mfumo wa simu hupata masasisho ya kuziba matundu ambayo wezi wanaweza kuyatumia. Baada ya miaka kadhaa, mtengenezaji huacha kuyatuma. Simu ya kupokelea salamu tu inaweza kuendelea. Simu ambayo ina programu ya benki na namba za siri zilizoandikwa kwenye ujumbe ni jambo jingine.

Lakini hata hapa kuna njia ya bei nafuu kuliko kununua: tenganisha fedha na maongezi. Laini ya M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa iweke kwenye kitochi, kwa sababu menyu ya nyota haihitaji simu janja. Simu ya zamani ibaki na bando na WhatsApp tu, bila programu za benki. Mwizi wa mtandaoni akiingia humo, hatakuta pochi.

*Sababu ya tatu: mwili wake umekwisha, au haishiki mtandao uliopo.* Kama umefanya jaribio la jirani, laini ni nzima, lakini simu haijui 4G kabisa, na eneo lenu lina 4G nzuri, utapata faida ya kweli ukibadilisha. Vilevile kama kipaza sauti kimekufa, au kioo kinajibonyeza chenyewe, na fundi anataka fedha zinazokaribia nusu ya bei ya simu nyingine, usitengeneze.

Nje ya hizo tatu, tulia. Muuzaji akikwambia 5G imefika, muulize imefika kijijini kwako au mjini kwake. Ukipata ujumbe wa "WhatsApp mpya ya dhahabu", ufute, ni utapeli wa miaka mingi. Na zile WhatsApp za kutengenezwa mitaani, ikiwamo GB, si za kampuni yenyewe. WhatsApp huwafungia watumiaji wake akaunti, na huwezi kujua nani mwingine anasoma ujumbe wako. Namba iliyotuma utapeli iripoti kwa kuituma kwenda 15040.

Yaliyonikuta

Sikuandika haya kwa kusoma tu. Nyumbani kwetu simu ya kabatini ilikuwa ya mama. Mdogo wangu anafanya kazi Muscat, na kwa sababu simu za WhatsApp zilikuwa hazipiti, nyumba nzima iliishi kwa ujumbe wa sauti. Baba, kabla hajafariki, alikuwa anamtumia karibu kila jioni. Alikuwa anaanza na mvua: imenyesha au haijanyesha. Ndipo anafika kwenye ng'ombe, na mwisho kabisa anauliza kama mtoto amekula.

Mwaka mmoja baada ya msiba nikaamua kumfurahisha mama. Nikapita duka moja mjini linalochukua simu ya zamani, unaongeza fedha, unapewa mpya. Nilimaliza kila kitu kwa nusu saa. Namba ileile, kioo kisafi, 4G juu kabisa. Nikampelekea.

Aliishika, akaitazama, akasema, "Asante mwanangu. Sasa ile sauti ya baba yako iko wapi?"

Sikuwa nimehifadhi nakala. Nilirudi dukani kesho yake. Simu ilikuwa imeshafutwa na kuuzwa. Namba ilihama, mazungumzo hayakuhama, na tofauti ya vitu hivyo viwili nilikuwa siijui, mimi mtangazaji ninayewaeleza watu mambo kila siku. Mdogo wangu alitafuta kwenye simu yake, akakuta ujumbe 11 wa baba. Ametutumia. Mengine hayapo.

Ile simu ya zamani haikuwa na tatizo hata moja.

Ukiamua kuhama, hama hivi

1. Usiuze simu ya zamani kwanza. Kama duka linataka kuichukua siku hiyo hiyo, kamilisha hatua zote zinazofuata ukiwa bado unayo.

2. Hifadhi nakala ya mazungumzo. Ndani ya WhatsApp nenda Mipangilio, Gumzo, kisha hifadhi nakala. Nakala inakwenda kwenye akaunti yako ya Google, na nafasi ya bure huko ni GB 15. Hakikisha unaikumbuka barua pepe hiyo na nywila yake. Watu wengi walifunguliwa akaunti na fundi dukani na hawaijui.

3. Au hamisha moja kwa moja. Tangu mwaka 2023, WhatsApp ina sehemu ya kuhamisha gumzo kutoka simu moja hadi nyingine. Simu zote mbili zinawekwa karibu, Wi-Fi imewashwa, moja inasoma mchoro wa QR wa nyingine. Njia hii haihitaji Google, lakini inahitaji simu zote mbili ziwe zinawaka.

4. Sauti au picha usiyoweza kuipoteza, itume mahali pa pili. Mtumie ndugu yako, au iweke kwenye kadi ya memori. Usitegemee sehemu moja tu.

5. Laini yenye namba yako iwe hai. WhatsApp itatuma namba sita kwa ujumbe mfupi. Usimpe mtu yeyote namba hizo, hata akijiita mfanyakazi wa mtandao. Laini inaweza kukaa kwenye kitochi, namba ukaziandika kwenye simu mpya.

6. Weka PIN ya WhatsApp ya namba sita, ile ya uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akiipata laini yako asiingie kirahisi.

7. Kaa na simu zote mbili kwa mwezi mmoja. Ukiridhika, ndipo utoe akaunti ya Google kwenye ya zamani, uifute yote, uiuze au umpe mtoto.

Kabla ya kulipa

Ukinunua, mpya au iliyotumika, bonyeza \*#06#. Zitatokea namba 15 za IMEI. Ukiwa Tanzania, zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitofautiana na jina lililoandikwa kwenye simu, iache hapo hapo. Watu wengi wanakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia na wenye nazo wakabaki na vioo vya kujitazamia.

Halafu weka laini yako mwenyewe, upige simu ya WhatsApp ukiwa dukani. Simu nyingine zilizoletwa kutoka nje hazishiki masafa ya 4G ya mtandao wako, ingawa zimeandikwa 4G. Na ukishatoka, piga \*106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama kuna usiyoijua, ikatae.

Kama nyumba yenu ina ruta

Baadhi ya nyumba, hasa karibu na miji midogo, sasa zina ruta, na nyingine zimeunganisha hadi simu ya mezani. Kanuni ni ileile: kama inafanya kazi, usiibadilishe kwa sababu ya tangazo. Mambo mawili tu yafanye. Badilisha nywila iliyokuja nayo, hasa kama ni "admin", kwa sababu kila mtu anaijua. Na kumbuka kwamba simu ya mezani ya zamani ilipata umeme kupitia waya wa simu wenyewe, ilhali ya ruta inakufa umeme ukikatika. Kama ndiyo mnayoitegemea usiku mgonjwa akizidiwa, iunganisheni na betri ya sola, au kitochi chenye chaji kiwe karibu.

Kwa ufupi

Jiulize maswali manne kabla ya kufungua zizi. Je, WhatsApp bado inaikubali simu hii? Je, kuna fedha ndani yake ambazo zingeweza kukaa kwenye kitochi? Je, nimejaribu laini, memori na betri? Na je, kilichomo ndani yake kimehifadhiwa mahali pengine?

Swali la mwisho lijibu hata kama huna mpango wa kubadilisha. Simu inaweza kuanguka kisimani leo jioni. Ukiwa na bando dakika hii, fungua Gumzo, hifadhi nakala, kisha uendelee na kazi zako.